Fisi na Maandamano ya Wanyamavu

Mwaka ule jua liliwaka kama lina kisasi na mtu, na kwa kuwa halikumjua mtu mwenyewe, likawaunguza wote. Mito ya Mbuga ya Kisaka ikabaki mchanga mtupu. Viboko wakahama bila kuaga. Kikabaki kisima kimoja tu chini ya mlima, na msimamizi wa kisima hicho alikuwa Bwana Fisi.

Fisi hakuupata usimamizi kwa kupendwa. Aliupata kwa mlolongo. Desturi ya mbuga ilikuwa hivi: kila baada ya masika mawili, wagombea husimama uwanjani wakimtazama Mfalme Simba, wamewapa wananchi kisogo, na kila mnyama hujipanga nyuma ya anayemtaka. Mgombea haruhusiwi kugeuka mpaka Simba akohoe. Sheria hiyo iliwekwa ili mgombea asimkodolee macho mpiga kura. Nzuri sana, ila Fisi alikuwa na Kunguru juu ya mti, na kesho yake alipita nyumba kwa nyumba akisema kwa upole, "Nimeambiwa jana hukuwa nyuma yangu. Ulikuwa mgonjwa?" Ukiulizwa hivyo na fisi, mlolongo unaofuata unawahi mapema. Na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kulisema hilo kwa sauti, kila mmoja alidhani ni yeye peke yake asiyempenda.

Basi Fisi akagawa maji: kata moja kwa nyumba, kwa siku. "Kisima nacho kina mwili," aliwaambia, "kinachoka." Lakini nyuma ya ua wa miiba, ambako wananchi walikatazwa hata kukaribia, alikuwa amechimba bwawa lake, akalivutia maji ya kisima kwa mfereji uliofunikwa nyasi. Kila adhuhuri alijilaza humo hadi kwapani, akitafakari shida za wananchi.

Mlolongo ulipokaribia, Sungura akaanzisha maandamano. Kila siku ya gulio aliwakusanya wenye kiu na wenye hasira, wakashika matawi makavu, wakatoka uwanjani hadi pangoni kwa Simba wakiimba, "Maji haki! Si hisani!"

Fisi aliwatazama kutoka juu ya kichuguu, akacheka hadi mbavu zikamuuma.

"Wangapi leo?" akamuuliza Kunguru, ambaye ndiye aliyekuwa mtangazaji wa habari za mbuga.

"Sitini na tisa, mzee. Sabini ukimhesabu Nyumbu, lakini yule huandamana kila mwaka hata bila sababu."

"Tangaza kumi na wawili."

"Na Twiga je? Ameonekana hadi mbuga ya pili."

"Sema alikuwa anapita."

Huko pangoni Simba alikuwa akichana manyoya ya shingo. Akatega sikio. "Nasikia kitu. Ni mvua?"

"Ni vyura, Mtukufu," Fisi akajibu, maana alikuwa amewahi kufika kwa njia ya mkato.

"Vyura, kiangazi hiki?"

"Vyura wasio na adabu, Mtukufu."

Simba akaendelea kuchana. Waandamanaji wakasubiri, wakaimba, wakakauka koo, wakarudi makwao. Gulio la pili vilevile. Gulio la tatu vilevile, ila Nyumbu alipotea njia.

Jioni ya siku hiyo Fisi alipita kwa Mama Digidigi, mjane wa miguu myembamba aliyeishi kando ya njia ya maandamano. Akamkuta anafagia.

"Mama, umewaona wale wahuni?"

"Nimewaona, mzee."

"Wewe hukwenda."

"Sikwenda, mzee."

"Kwa nini?"

"Mguu, mzee."

Fisi akaondoka amenenepa kwa furaha. "Unaona, Kunguru? Wapiga kelele ni sabini. Walionyamaza majumbani mwao ni elfu. Na aliyenyamaza ni wangu."

"Au labda mguu unamuuma kweli, mzee."

"Wewe tangaza, kufikiri niachie mimi."

Kesho yake, kwenye foleni ya maji, Sungura akamwinamia Fisi kwa heshima iliyozidi kipimo.

"Shikamoo, Bwana Msimamizi."

"Marahaba, mchochezi. Miguu haijaota sugu?"

"Imeota, mzee, ndiyo hii natembelea. Lakini nimesikia una watu elfu."

"Elfu na ziada!"

"Hongera. Wangu ni sabini tu, ila wanaonekana. Hao wako ni wa aina gani? Maana hata mvua ya mwaka huu tulitangaziwa."

Foleni nzima ikapatwa na kikohozi. Fisi akasikia damu inampanda masikioni. Angeweza kunyamaza, na hadi leo tungekuwa tunaomba maji kwake. Lakini mwenye cheo akichekwa hadharani, akili humtoka kwanza, maneno hufuata.

"Gulio lijalo nitaandamana mimi!" akafoka. "Wanyamavu wote watatoka! Utaona vumbi litakalofunika mlima!"

"Mzee, watu wa nyumbani ni wazito. Bila kitu cha kulainisha koo hawatoki."

"Kila atakayekuja atapata kibuyu kizima cha maji! Kizima!"

Sungura akalaza masikio yote mawili usoni, ili afiche kicheko. "Hapo umenimaliza, mzee."

Walipobaki wawili, Kunguru akauliza, "Vibuyu elfu utavijaza na nini? Kisima kinatoa matope."

"Bwawa lipo."

"Bwawa ni siri, mzee. Afadhali tuyabebe maji hadi uwanjani."

"Tuyabebe? Yamwagike njiani, maji yangu?" Fisi akatetemeka kwa wazo hilo. "Tutatoboa tundu kwenye ua, wapokee wakipita. Mwenye kiu hatazami pembeni."

Siku ikafika, wakatoka. Walitoka mmoja mmoja, vibuyu kwapani, macho chini, kama watu wanaokwenda kumtembelea mgonjwa wasiyempenda. Waliposhika njia wakaanza kutazamana. Mama Digidigi akamwona mbele yake Ngiri, jirani wa miaka mingi.

"Kumbe nawe ni wake, Baba Ngiri?" akanong'ona.

"Mimi? Nimefuata maji. Nilidhani wewe ndiye wake, huonekani kwa Sungura hata siku moja."

"Mimi naogopa tu, baba."

"Na mimi naogopa tu."

Wakatazamana. Ngiri akaguna. Mama Digidigi akacheka puani, Pundamilia wa nyuma akauliza kuna nini, akaambiwa, naye akamwambia wa nyuma yake. Kicheko kikatambaa mstari mzima hadi mkiani, huko ambako Nyumbu alicheka kwa nguvu kuliko wote bila kujua sababu. Fisi, aliyetangulia mbele akipunga mkono, akasikia mnong'ono ule, akamwambia Kunguru, "Unasikia mapenzi hayo?"

Wakafika uani. Tundu lilikuwa chini, saizi ya kibuyu. Zamu ya Mama Digidigi ilipofika, kwa ufupi wake akajikuta tundu liko usawa wa jicho. Basi badala ya kuingiza kibuyu akaingiza jicho. Akaona maji mengi, mapana, mbingu imelala ndani yake, na bata watatu wanaogelea bila wasiwasi wa dunia. Pembeni, kwenye tope, palikuwa na alama ya tumbo kubwa lililozoea kulala hapo.

Akatoa jicho. Hakupiga kelele. "Samahani, mzee. Hiki ni nini?"

"Akiba," Fisi akajibu upesi.

"Ya nani?"

"Ya... ya wananchi."

"Wananchi tumefika."

Ngiri akachungulia. Pundamilia akachungulia. Twiga hakuhitaji tundu, alitazama tu. Fisi alipoona mambo yanaharibika, alipaswa angalau kuwajazia vibuyu. Lakini kila kata iliyotoka ilimkata utumbo, akaanza kupima nusu, halafu robo.

"Nyingine baada ya mlolongo," akasema. "Nitawategemea, sivyo?"

"Ndiyo, mzee," wakajibu wote elfu, kwa sauti moja.

Fisi akasikia elfu wanamkubali, akasisimka hadi mkiani. Kunguru naye aliisikia sauti ile, nayo haikumpendeza hata kidogo.

Siku ya mlolongo wagombea walikuwa wawili, Fisi na Sungura, wamesimama mbele ya Simba, visogo kwa wananchi. Fisi akafumba macho, akasikiliza. Kwato zikaja. Zikaja tena. Zikaendelea kuja hadi ardhi ikatikisika, na vumbi likamwingia puani. "Waje," akajisemea, "waje wanangu."

Simba akakohoa. Fisi akageuka, mikono imefunguliwa tayari kukumbatia umma.

Nyuma yake alikuwepo Kunguru.

"Wewe tu?"

"Mimi niko kazini, mzee, nahesabu tu," Kunguru akasema, akarukaruka pembeni hadi mkiani mwa mstari wa Sungura, ambao ulikuwa umezunguka mlima.

"Mtukufu!" Fisi akalia. "Wamechochewa hawa!"

Simba akautazama mstari ule, mwanzo wake na pale ulipopotelea. Akatikisa manyoya yake polepole. "Mimi nilikuwa na wananchi tangu siku ya kwanza," akanguruma. "Niliposikia sauti zao pale pangoni, nililia kwa ndani."

Hakuna aliyebisha, maana machozi ya ndani hayana shahidi. Fisi akahukumiwa kuubomoa ua wa miiba kwa meno yake mwenyewe, kisha kuwabebea maji nyumba kwa nyumba wasioweza kufika foleni, hadi kwa kobe mmoja aliyeishi mwisho wa mbuga. Akabeba. Yalimwagika kidogo, na kila tone alilililia.

Baadaye, kwenye foleni, Ngiri akasema, "Kwa hiyo zile safari tatu za Sungura zilikuwa bure? Simba mwenyewe alidhani ni vyura."

"Simba hakusikia," Mama Digidigi akajibu. "Mimi nilisikia. Walipita mlangoni kwangu mara tatu, baba. Mara ya tatu nilifagia hadi katikati ya njia ili nisikie vizuri."

Akafika mbele, akamkuta msimamizi mpya, Sungura, hayupo kwenye kata. Alikuwa kando ya bwawa, anapima kwa hatua kivuli kilichokuwa kizuri kuliko vyote, na nyasi laini ameshazikusanya.

"Karibu, mama," Sungura akasema, akivuta masharubu. "Unajua, kazi hii ina uchovu wake. Nimeona si vibaya msimamizi akiwa na mahali padogo pa..."

"Pazuri kweli, mwanangu," Mama Digidigi akamkatiza. Nyuma yake foleni ikasogea hatua moja mbele, elfu kwa pamoja. "Sasa toka hapo, uchote maji."

Sungura akaitazama foleni, mwanzo wake na pale ilipopotelea. Alikuwa mjanja, hakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Akaokota kata, akachota, tena akajaza hadi ukingoni.

Wengi wape, usipowapa, watajitwalia wenyewe.