Mbegu za Bi Mwanatumu

Jamani, hadithi naileta!
— Ilete, tuipokee!
Niilete mikono mitupu?
— Ilete imejaa!

Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakija sokoni na kupatana bei na watu, palikuwa na mji uitwao Vumbini. Humo aliishi mjane, Bi Mwanatumu, na binti yake Maua. Marehemu mumewe alikuwa muuza nafaka. Alimwachia ghala la mtama na wasia mmoja: "Mke wangu, sheria ya Mola imekuja kutulindia dini, uhai, akili, kizazi na mali. Biashara yoyote ikitaka kuvunja hata kimoja, iache ipite."

Ukaja ukame. Jua likawaka, likawaka, likawaka. Mto ukabaki mchanga. Maghala yote ya mji yakawa matupu, isipokuwa la Bi Mwanatumu.

Akaja Fisi, mate yanamdondoka.

"Hodi, Bi Mwanatumu! Funga ghala, usiuze. Watu wakishalia njaa, kibaba kimoja utakiuza kwa mbuzi mzima."

"Na atakayekufa kabla ya siku hiyo?"

"Huyo niachie mimi."

"Biashara hiyo inaua. Siitaki. Kwaheri."

Akafungua ghala, akauza kwa bei ya siku zote.

Akaja Nyani, anajikuna mbavu.

"Hodi, Bi Mwanatumu! Mtama huu tupike pombe. Mwenye njaa atauza hata mlango wa nyumba yake ili asahau."

"Na akiamka asubuhi, njaa itakuwa imekwenda wapi?"

"Ipo palepale. Akili tu ndiyo haipo."

"Biashara hiyo inakula akili. Siitaki. Kwaheri."

Akauza, akauza, akauza, hata ukabaki mtama wa mbegu tu.

Ndipo akaja Kunguru, shingo nyeupe, salamu nzuri.

"Hodi, dada yangu. Wakulima wanataka mbegu. Wape pishi moja, wakurudishie mbili. Mvua ikinyesha, mbili. Isiponyesha, mbili. Wakishindwa, chukua mashamba yao. Maua hatalala njaa tena."

Bi Mwanatumu akamtazama mwanawe, mbavu zimemtoka. Maneno yakamwingia. Akajitwika mbegu, akaenda kwa Mshamu, mkulima wa ng'ambo ya mto. Akamkuta mkewe amepakata kichanga.

"Nimekuletea mbegu," akasema. "Lakini hujaniuliza masharti."

Mshamu akainamisha kichwa. "Dada, yoyote utakayosema nitakubali. Sina pa kuchagua."

Bi Mwanatumu akamtazama mtoto pale mapajani. Mvua isiponyesha, kile kichanga kitakulia wapi?

"Basi sikiliza," akasema. "Mbegu zangu, shamba na jembe lako. Tukivuna, tugawane nusu kwa nusu. Tusipovuna, mimi nimepoteza mbegu, wewe umepoteza jasho. Hakuna wa kumdai mwenzake."

Wakapeana mikono. Kunguru, aliyemfuata na kusikiliza juu ya paa, akaruka zake kwa hasira.

Mshamu akapanda. Mvua ikadondoka kidogo, ikawadanganya, ikakata. Miche ikachomoza, ikanyauka, ikawa majani makavu.

Siku ile Mshamu alikuja mlangoni akilia. "Dada, mbegu zimekufa zote."

Bi Mwanatumu naye akalia, hakuficha. Kisha akajifuta machozi. "Tulikubaliana, ndugu yangu. Hunidai, sikudai. Kaa unywe maji."

Mshamu alikuwa amejiandaa kutukanwa. Kwingine, wakulima waliokopa kwa kurudisha maradufu walikwishakimbia na watoto wao, mashamba yamebaki vichaka. Yeye akabaki.

"Una mbegu nyingine?" akauliza.

"Kikapu kimoja. Ndicho chakula chetu cha mwisho."

Maua akakileta mwenyewe, akakiweka mbele ya Mshamu.

Safari hii Mshamu hakungoja mawingu. Akashuka mtoni, akachimba mchanga. Akachimba, akachimba, akachimba, hata maji yakachuruzika. Majirani wakaona, wakaja na vibuyu. Mkewe akamwagilia, mtoto mgongoni. Bi Mwanatumu na Maua wakamwagilia, midomo imewakauka, wakishindia mizizi ya porini. Kila mche ulipewa maji yake, kama mgonjwa anayenyweshwa uji.

Mtama ukashika. Na ulipokuwa umefika magotini, mbingu zikafunguka, mvua ikanyesha usiku na mchana.

Siku ya mavuno waligawana palepale shambani. Kwanza wakatoa zaka, wakawapelekea wasio na shamba. Kisha nusu kwa Mshamu, nusu kwa Bi Mwanatumu. Mshamu akataka kumwongezea. Akakataa: "Tulichopatana kinanitosha."

Jioni ile Maua alikula ugali hadi akasinzia na tonge mkononi. Bi Mwanatumu akalitoa tonge lile taratibu, akamfunika kanga, akasujudu. Alitaka kuomba dua ndefu, lakini kila alipofungua kinywa, neno lilikuwa moja tu: Alhamdulillahi.

Basi wanangu, biashara ya halali ni ile ambayo mwenzako akianguka, nawe umo naye chini, mnainuka pamoja. Faida ya namna hiyo huliwa kwa usingizi mtulivu.

Hadithi nimeitua hapa. Mimi mwenyewe nilikuwepo wakigawana, nikanyoosha mkono nipewe fungu. Wakaniuliza, "Wewe ulimwagilia wapi?" Nikatimua mbio hadi hapa kuwasimulia!