Fisi na Dude la Nyota ya Saba

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nani?

Pakawa Pimbi!

Na mwenye meno?

Fisi!

Na mwenye akili?

Hapo mmenyamaza. Basi sikilizeni, na huyo anayetafuna mahindi atafune polepole.

Palikuwa na Pimbi, mnyama mdogo tu wa kuenea kwenye kapu. Alikuwa na watoto watatu na pango zuri, kavu. Mvua za masika zilipokaribia akaja Fisi, akachungulia, akaingia, akajinyoosha, akasema pango limemtosha, kwa hiyo ni lake. Pimbi angefanya nini? Akatoka na wanawe, wakalala juu ya jiwe. Mvua ikanyesha, chwaa, chwaa. Kitindamimba akaanza kukohoa, na Pimbi akaumia moyo kweli kweli.

Sasa, huyo Fisi alikuwa na magonjwa mawili: njaa, na kupenda kutazamwa.

Asubuhi moja Pimbi akaja na rafiki yake Ngedere. Ngedere alikuwa na kamera aliyoikwapua kwa watalii. Ilikuwa kamera ya kweli kabisa, ila haikuwa na betri. Pimbi akapiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe, akaeleza kwamba wanatengeneza filamu ya kutisha. Dude limeshuka kutoka nyota ya saba, linakula kijiji kizima. Wanatafuta wa kuwa dude, na wamemfikiria Tembo.

“Tembo anakula majani,” akasema Fisi. “Dude ni mimi.”

Akatoka. Filamu ilikuwa ya wanyonge, hivyo vazi lilishonwa kwa godoro kuukuu. Wakamvika, shona, shona, shona. Kichwani sufuria, kong'o. Macho, vifuniko vya soda. Fisi akajitazama dimbwini, akauliza kama anatisha. Pimbi akasema anatisha, ila Tembo angejaza zaidi.

“Ongeza,” akasema Fisi.

Wakaongeza godoro, shona, shona, shona. Akauliza tena. Pimbi akasema sasa anatisha sana, ila Tembo angejaza kidogo zaidi.

“Ongeza.”

Wakaongeza mpaka Fisi akawa hajulikani mbele wala nyuma. Akitembea, bubu, bubu, bubu.

Wakaanza kupiga filamu. Fisi aliambiwa angurume kama dude la nyota ya saba, akatoa ile ile yake ya kila siku, uuu-wi. Kuku walioigiza kijiji wakacheka hadi wawili wakataga. Ngedere, jicho kwenye kamera yake isiyowaka, akasema safi sana, rudia.

Mara mawingu yakafunga. Matone yakaanza, to, to, to. Fisi akakimbilia pangoni, bubu, bubu, bubu. Akaingiza kichwa, kong'o, akaingiza mabega, akakwama. Akajitoa, akaingia kinyumenyume, akakwama. Akajitoa tena. Alipokuwa anapumua pembeni, Pimbi na wanawe wakampita mmoja mmoja, wakaingia ndani.

“Nivueni,” akasema Fisi.

“Bwana Fisi,” Pimbi akajibu kwa heshima zote, “dude halivuliwi kabla filamu haijaisha. Ukivua, itabidi tumwite Tembo.”

Fisi akafikiri. Mvua ikamfikia hadi mifupani, godoro likanyonya maji, likawa zito kama gunia la viazi. Akauliza imebaki kiasi gani.

“Hii ni sehemu ya kwanza tu,” akasema Pimbi. “Watu wote wanasubiri sehemu ya pili.”

Basi Fisi akakaa nje, akajiweka upande wenye mwanga mzuri. Mle ndani kitindamimba akakohoa mara mbili, akalala.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni, nina wajukuu wa kuwapa.

Na funzo msiniulize mara mbili. Watoto, msiseme uongo. Njia ya mwongo ni fupi. Mtazameni Pimbi: alidanganya tangu asubuhi mpaka jioni, na hakufika popote, aliishia nyumbani kwake, pakavu, na watoto wake watatu.