Ndoo Tupu za Asubuhi

Waliosema mchagua nazi hupata koroma walikuwa watu wa pwani, watu wa joto, na sidhani kama waliwahi kuuona mji wa milimani kama At-Bashi, ambako hakuna nazi na theluji humkuta mtu bado anachimba viazi. Maana ya maneno yao ni kwamba anayesimama sokoni akitikisa kila nazi, hii ndogo, hii ina sura mbaya, hii sijui imetoka wapi, mwisho huondoka na ile ambayo haijakomaa, isiyotoa tui la kutosha hata mboga ya mtu mmoja. Mimi nimeishi At-Bashi miaka mingi, na ladha ya nazi nimeshaisahau. Lakini mchaguzi nimemwona kwa macho yangu, na kisa chake ni hiki.

Zuurakan alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mpole, mwenye mikono iliyopasuka kwa baridi. Mumewe alikwenda Urusi kujenga maghorofa. Mwanzoni alipiga simu kila wiki, kisha kila mwezi, kisha tukasikia ameoa huko huko. Alimwachia Zuurakan mama mkwe mgonjwa wa miguu, binti wa miaka saba aitwaye Aizirek, na ng'ombe mmoja. Wifi yake, aliyekuwa Moscow, alishamtafutia kazi ya kufagia ngazi za majengo.

"Njoo, mtoto mwachie bibi yake," wifi alimwambia kwenye simu. "Sote tumefanya hivyo. Utazoea."

Zuurakan alijua kwamba wote wamefanya hivyo. Aliwajua pia watoto wao, wanaomwita bibi "mama" na kumwita mama "yule wa kwenye simu". Akaapa kwamba kabla ya kumwacha Aizirek atajaribu kwanza kusimama kwa miguu yake hapa hapa nyumbani. Theluji kubwa ikianguka naye hajapata kitu, basi, atakwenda.

Akauza ng'ombe. Maziwa yakakatika nyumbani, mama mkwe akanywa chai kavu na kununa. Zuurakan akaenda na pesa ile hadi soko kubwa la makontena la Bishkek, mji mkuu, akarudi na robota moja la makoti ya watoto, mazito, yenye kofia na manyoya ya bandia shingoni. Yalikuwa makoti mazuri. Kontena hakuwa na uwezo nalo, wala kibanda. Alichoweza ni kitanda cha kukunja cha turubai, kile tunacholazia wageni, akakikunjua mwishoni mwa safu ya wauza nguo, karibu na bomba la maji.

Nafasi ile ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote sokoni, na kila mtu alijua kwa nini. Mtaa mzima huchota maji pale. Tangu kunapopambazuka wanawake hupita mbele yake na ndoo tupu, na kwetu sisi kukutana asubuhi na mwanamke mwenye ndoo tupu ni nuksi, kama vile kukutana na mwenye ndoo iliyojaa ni heri. Mtoto wa At-Bashi huyajua haya kabla ya kujua kuhesabu.

Jirani yake katika safu alikuwa Kalipa, bibi muuza soksi za sufu aliyezeekea pale pale. Alimpenda Zuurakan tangu siku ya kwanza, akampa bakuli la chai na somo.

"Sikiliza, mwanangu. Biashara ni yule mteja wa kwanza. Pochini, ndivyo tunavyomwita. Anayekufungulia asubuhi ndiye anayekupa siku nzima. Awe mwanamume, awe na mkono mwepesi. Pesa yake uigusishe kwenye nguo zote. Na akishafika kwako, asiondoke mikono mitupu, hata kwa dawa."

"Na akinifungulia mwanamke, mama?"

"Mwanamke si neno, tukikosa. Lakini wa ndoo tupu?" Kalipa alicheka, meno yake ya dhahabu yakaonekana. "Huyo ukimwona, inama ujifanye unafunga kamba ya kiatu."

Zuurakan akafunga kamba za viatu msimu mzima. Wanawake walipita asubuhi, wakayaona makoti, wakapunguza mwendo. Mwingine aliuliza bei, Zuurakan aliinama. Mwingine alishika mkono wa koti, akapima unene wa pamba kwa vidole. Zuurakan alimwambia bado hajafungua. Waliporudi na ndoo zimejaa, sasa wana heri tele, walikuwa wanakimbilia kukamua ng'ombe na kupika uji, maji yakiwamwagikia miguuni. Hakuna aliyesimama. Na hao wanaume wenye mikono myepesi walikuja adhuhuri, wakavuta sigara, wakasifu rangi. Wanaume wa At-Bashi hununua hatamu za farasi. Makoti ya watoto ni kazi ya mama zao.

Zipo siku alizofunguliwa mchana, akauza koti moja au mawili kabla giza halijaingia. Zipo siku alizolikunja robota kama alivyolikunjua. Miguu ilimwuma hadi ikaacha kuuma, jambo ambalo ni baya zaidi. Usiku Aizirek alimsugua nyayo kwa mafuta ya kondoo, akauliza, "Leo je, mama?" naye akajibu, "Kesho, mwanangu," mpaka mtoto akaacha kuuliza.

Asubuhi moja ya ukungu, alikuja Batma, mama kijana wa mtaa wa chini, mwenye mapacha. Alikuwa na ndoo mbili tupu na noti mkononi. Ndoo aliziweka chini.

"Eje," alisema, kama tunavyomwita dada mkubwa, "nipe mawili, ya miaka mitano. Bei yako sikatai. Wanangu wanashinda ndani, hawana cha kuvaa."

Zuurakan alizitazama noti. Halafu akazitazama ndoo. Alitaka kuuza, alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa, na kitu ndani yake kilimwambia pokea. Lakini Kalipa alikuwa anamkodolea macho, na theluji ilikuwa karibu, na mtu anayekaribia kuzama huogopa hata povu.

"Kachote kwanza, Batma. Rudi umejaza, nitakupa."

"Nikijaza, mikono yangu nayo imejaa. Koti nitalishika kwa meno?"

"Usinikasirikie. Unajua mambo ya pochini."

"Nayajua," Batma alisema. "Nilidhani na wewe unajua mambo ya watoto." Akaziokota ndoo zake. Aliporudi kutoka bombani alipita upande wa pili wa njia, ambako kuna matope.

Siku ya pili yake akaja Sovetbek, asubuhi na mapema, kabla hata ya ndoo. Alikuwa mwanamume wa makamo, kofia nyeupe ya sufu kichwani, jaketi la ngozi, sauti ya taratibu. Kalipa alimpiga Zuurakan kiwiko. "Mkono wake ni mwepesi huyo. Alimfungulia muuza samsa za nyama, ikafika mchana hata ya kula mwenyewe hakubakiwa nayo."

Sovetbek aliyakagua makoti moja moja. Akavuta zipu, akanusa pamba. Akasema atayachukua yote kwa mpigo, akataja bei.

"Baike," Zuurakan alisema, kwa heshima ya kaka mkubwa, "hiyo iko chini ya niliyonunulia. Hata nauli ya Bishkek hairudi."

"Sawa, dada yangu. Siwezi kukulazimisha." Akaanza kuvaa glavu zake, kidole kimoja kimoja. "Ila mimi ndiye pochini wako leo. Ukiniondoa mikono mitupu, sina kinyongo. Siku ni yako, na majira ni yako."

Akageuka. Aligeuka polepole sana.

"Usimwache," Kalipa alinong'ona. "Theluji iko mlangoni. Atakuondokea na bahati yako yote."

Zuurakan aliitazama njia. Kule chini, wanawake wa kwanza walikuwa wanapanda kuelekea bombani, ndoo zinabembea. Angeweza kumwacha yule mtu aende. Angeweza kuwasubiri wale. Akamwita Sovetbek arudi.

Alichukua yote isipokuwa moja, lenye zipu mbovu, kubwa kupita kiasi. Zuurakan akazigusisha noti kwenye koti lile moja, kisha, kwa kuwa hakukuwa na nguo nyingine, akazigusisha kwenye turubai la kitanda. Mkono ulikuwa mwepesi kweli. Ulikuwa umembebea kila kitu.

Kesho yake alikuja sokoni kwa mazoea tu, akasikia vicheko bombani. Gari la Sovetbek lilikuwa limeegeshwa pale pale penye maji, buti wazi, na makoti yake yananing'inia kwenye mlango, manyoya ya bandia yanapepea. Bei ilikuwa ile ile aliyoitaja Zuurakan msimu mzima.

"Karibuni, mama zangu. Ndoo wekeni chini, hazina miguu ya kukimbia. Jaribuni."

Zuurakan alimsogelea. Hasira hakuwa na nguvu nayo. "Baike, hawa wote wana ndoo tupu."

"Ndiyo, dada. Ndiyo maana wana mikono ya kupokelea koti."

Akarudi kwenye kitanda chake. Kalipa alikuwa anaziangalia soksi zake kana kwamba amesahau idadi yake. "Kumbe yeye haogopi nuksi," bibi alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Nuksi ni ya wenye kitanda, mama. Mwenye gari haimpati."

Batma alipita na makoti mawili yamefungwa mgongoni kwa kamba, ndoo mikononi. Safari hii alisimama.

"Nilitaka kununua kwako, eje. Ungeniuzia, ningewaita na wenzangu wote wa mtaa wa chini. Kila nyumba ina watoto."

"Najua."

"Basi mbona hukuniuzia?"

Zuurakan akainama kukikunja kitanda. Theluji ilianza kuanguka mchana ule, ile kubwa, isiyokuwa na mzaha.

Pesa aliyoipata haikutosha kununua robota la pili wala kumrudisha ng'ombe. Ilitosha tiketi ya Moscow. Akakaa siku chache akimshonea Aizirek vifungo kwenye lile koti lenye zipu mbovu, akamvalisha. Mikono ya koti ilipita vidole vya mtoto, ikaning'inia.

"Ni kubwa, mama."

"Utalikulia."

"Likinitosha utakuwa umerudi?"

Zuurakan akafunga kifungo cha juu, akakifungua, akakifunga tena.

Gari la safari lilimsubiri penye soko, asubuhi, saa ile ile ya ndoo. Tulikuwepo majirani wachache. Wanawake waliokuwa wanakwenda bombani walipoona mtu anasafiri wakasimama pembeni, wakazificha ndoo nyuma ya sketi zao ili wasimharibie njia. Mmoja tu ndiye aliyekuja mbele. Batma alikuwa ametangulia kuchota, vidole vimekuwa vyekundu kwa baridi. Akaziweka ndoo zake mbili zilizojaa pomoni mbele ya mlango wa gari, katikati ya njia, ili macho ya Zuurakan yaanze safari na heri.

"Batma, mdogo wangu," Zuurakan alisema, machozi yanamtoka, "unisamehe."

"Pita, eje. Maji yanaganda."

Akapita. Gari likashuka kuelekea barabara ya Bishkek, na Aizirek akabaki kando ya bibi yake akipunga mkono ambao mama hakuweza kuuona, kwa sababu ulikuwa umemezwa wote na koti. Mama yake alikuwa ameichagua mikono ya kumfungulia, mmoja mmoja, mpaka akashikwa na ule uliomfungia. Na wale wahenga wa pwani, ambao hawakuijua theluji wala ndoo za At-Bashi, walishamjua tangu zamani: mchagua nazi hupata koroma.