Mchezo Ulioigizwa Bila Ruhusa

Ndugu zangu, leo nimekuja nimekereka, na sitawaficha. Nisikilizeni.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kwaya aliyeupenda mchezo wa nyimbo uliotungwa na mama wa mji mwingine. Mchezo wenyewe unamhusu kijana aliyeuza shamba la mama yake kwa siri, akatoroka, na baada ya miaka mingi akarudi kubisha hodi. Kwenye kitabu, ukurasa wa kwanza kabisa, imeandikwa: "Anayetaka kuuigiza, iwe kwaya au wasanii wa kulipwa, aniombe ruhusa kwanza." Na namba ya simu ipo!

Katibu wa kwaya akasema, "Mwalimu, tumpigie huyu mama."

"Ruhusa ya nini? Tunamwimbia Mungu, hatuuzi nyanya."

"Lakini kazi ni yake. Kupiga simu kuna ugumu gani?"

"Dada, usitucheleweshe."

Mnacheka? Nyinyi hamjawahi kujibu hivyo?

Wakafanya mazoezi miezi miwili. Siku ilipokaribia, mwalimu akaona mchezo ni mrefu, akaukata wimbo wa mwisho, ule ambao mama anafungua mlango na kumkumbatia mwanawe. Kwake mchezo ukaishia pale mama anaposema kutoka ndani, "Sikujui." Akasema, vijana watapata adabu.

Ukumbi ulijaa. Watu walipotoka, akabaki mwanamume mmoja mwenye kovu juu ya jicho, shati limepauka. Akamfuata mwalimu, aliyekuwa akikunja nyaya za vipaza sauti.

"Samahani, Mwalimu. Yule mama hafungui kabisa?"

"Hafungui."

"Ndivyo alivyoandika mwenyewe?"

Mwalimu, bila hata kuinua kichwa, akajibu, "Ndivyo alivyoandika."

Yule mtu akashukuru, akaenda zake.

Siku nne baadaye mtunzi akampigia katibu. Hakuwa na hasira. "Nimesikia mmeigiza mchezo wangu. Ruhusa ningewapa tu, huwa nawapa wote. Sharti langu ni moja: wimbo wa mwisho usikatwe. Mwanangu yuko huko duniani, sijui wapi. Niliutunga ili popote atakapousikia ajue mlango uko wazi. Hamkumwona mtu mwenye kovu juu ya jicho?"

Mwalimu alizunguka stendi, sokoni, nyumba za wageni zote. Hakumpata. Mpaka leo hajampata.

Sasa msiwe wepesi wa kumlaumu. Sisi nasi tumekabidhiwa maneno yasiyo yetu. Je, tunamwuliza Mwenyewe? Wapi! Tunabeba makemeo, tunakata rehema, eti binti aliyepata mimba apate adabu, eti mlevi ajue amelaaniwa. Naye akituuliza kwa unyonge, "Kweli Mungu kasema hivyo?" tunamjibu, "Kasema." Kasema lini? Kasema wapi? Nimelisema hili kwenye madhabahu hii mpaka koo limekauka!

Kuna mtu haji tena hapa kwa sababu ya neno ulilomwambia kwa jina la Mungu. Unamjua. Na kwake unapajua. Ukitoka hapa leo, usipitie nyumbani kula. Nenda ukamwambie, "Nilikudanganya."