Zimwi Lililofunga Mbeleko

Sogeeni karibu, na anayetaka kubisha akalale na kuku. Haya niliyaona mwenyewe, nikiwa nimejificha ndani ya sikio la zimwi.

Zimwi hilo, kubwa kama milima saba, lilikalia kisima. Wakaja akina mama watatu kuteka maji: Kangaruu, Buibui na binadamu mmoja, Nyamvula. Likanguruma, "Anayebeba mtoto vibaya kuliko wenzake, mtoto wake namla."

Kangaruu akafungua mfuko wa tumboni. "Wangu alizaliwa mdogo kama haragwe, akakulia humu."

Buibui akacheka. "Mmoja tu, dada? Mimi nina mia mgongoni, na mfuko wa mayai yao niliufuma mwenyewe."

Nyamvula alikuwa na mbeleko tu, kitambaa kilichochakaa. "Wewe huna mfuko wala miguu minane," likasema zimwi. "Lete huyo."

Nyamvula akamfungua mtoto, akalinyoshea zimwi pamoja na mbeleko. "Chukua, bwana mkubwa. Ila ukisimama, analia."

Zimwi, lisilopenda kelele, likajifunga mbeleko, mtoto mgongoni, likatembea. Likasimama limle, mtoto akalia hadi meno ya mbele ya zimwi yakapukutika. Likatembea, likasimama tena, magego yakadondoka. Likasimama mara ya tatu, zikabaki fizi.

"Mama, mchukue mwanao," likaomba. "Nimechoka."

Nyamvula akamfunga mgongoni, akaondoka akimtikisatikisa. Kangaruu akaruka, Buibui akatimua mbio. Tangu siku hiyo, mwenye mtoto mgongoni hatulii mahali pamoja.

Mimi nikatoka sikioni, nikalikorogea zimwi uji.