Wakurugenzi Watatu wa Kuku Mmoja

Mwenye masikio asogee. Mwenye ajira aende zake lunch, haya hayamhusu.

Walikuwako Machakos mabinamu watatu, wote na digrii, wote bila kazi. Nzilani alijaliwa hesabu: ukimtajia bei ya kitu, keshajua unapunjwa wapi. Mutinda alijaliwa mdomo. Angemshawishi mbuzi aache majani. Syokau alijaliwa kuaminika. Akisema kesho ni kesho, si ile kesho yenu ya "niko njiani."

Walichoka kutuma CV kwa ofisi zinazotaka fresh graduate mwenye experience. Huyo ni kiumbe gani, jameni? Basi kampuni moja ya kuku wa kukaanga ikatangaza franchise: unauza kuku wao, kwa jina lao, na rangi zao ukutani. Watatu hao wakaenda benki kuomba mkopo. Afisa wa mikopo, Bwana Kilonzo, akawaambia, "Leteni business plan." Kana kwamba tumbo linajua kusoma.

Mpango wa kwanza waliunakili kutoka mfano wa kampuni. Kilonzo akawarudishia. "Hizi ni hesabu za Nairobi. Hapa nani anakula kuku Jumatatu mchana?" Nzilani akaenda kukaa stendi, mkabala na vibanda vya chipsi, wiki nzima jua likimkaanga yeye badala ya kuku. Akagundua mteja si wa mchana. Ni mzazi anayerudi nyumbani jioni na anaogopa kuingia mikono mitupu. Akaandika hesabu zote upya. Kilonzo akasoma hadi mwisho. "Haya. Na duka liko wapi?"

Duka halikuwepo. Nafasi ya maana ilikuwa moja tu, karibu na stendi, mali ya mjane aitwaye Mama Ndunge, naye aliapa hampangishi mtu wa mafuta na moshi. Mutinda akaenda, akafukuzwa. Akarudi. "Mwaitu, mama yangu, leo sikuja kwa duka. Nasikia mna ibada ya kumkumbuka mzee, na hamna MC." Akaiongoza ibada ile bure kabisa, akawaliza watu, akawachekesha, akawaliza tena. Jumatatu Mama Ndunge akakubali. "Lakini bomba la moshi lipite juu ya paa langu. Umesikia, wewe kasuku?"

"Litafika mbinguni, mwaitu."

"Na dhamana?" akauliza Kilonzo. That man, I swear! Hawakuwa na shamba wala gari. Syokau akaenda kwa chama chake cha akina mama cha kuchangiana. Mwezi ule ilikuwa zamu yake kupokea, pesa za kuezeka nyumba ya mama yake. Akasema, "Nirukeni, mpeni anayefuata. Lakini mnidhamini benki."

Mwenyekiti akamkazia macho. "Ukitoroka tutakutafuta kwa mamako."

"Mama ndiye ananyeshewa. Nitorokee wapi?"

Wakacheka, wakamdhamini.

Mkopo ukapita. Alhamisi Kilonzo akawaita. "Mkurugenzi ni nani?"

"Mimi," wakajibu wote.

Kumbe kila mmoja, zamu yake ya kurekebisha mpango ilipofika, alipitia cyber kuuchapa peke yake, akajiandika mkurugenzi. Kwenye hesabu, Nzilani. Kwenye duka, Mutinda. Kwenye dhamana, Syokau. Degree holders hao!

"Kampuni inampa leseni mtu mmoja," Kilonzo akasema. "Wengine ni waajiriwa wake, anaweza kuwafuta kazi. Kesho saa kumi jioni nafunga faili."

Nje ya benki moto ukawaka. "Bila mimi mngekuwa bado mmeshika hesabu za Nairobi!" akasema Nzilani. "Na kampuni itamhoji mwenye leseni kuhusu hesabu. Nani atajibu, wewe kasuku?"

"Bila mimi mngekaangia hewani," akasema Mutinda. "Mama Ndunge amesema duka ni la Mutinda au lifungwe."

Syokau hakupaza sauti. "Chama kimenidhamini mimi. Jina likiwa lingine, wanajitoa. Na mvua ya Novemba haijui nani alifanya hesabu."

"Basi tumwandike nyanya yetu, bibi kizee," Mutinda akajaribu.

"Nyanya anaogopa kuku!"

Hakuna aliyecheka.

Sasa ni Ijumaa, saa kumi inakaribia, na wote watatu wamekaa mbele ya Kilonzo, hawatazamani. Usiniambie wagawane, leseni haigawanyiki. Usiniambie wapige kura. Kila mmoja atajipigia. Na ukisema waache, kumbuka wanajua vizuri kuliko wewe maana ya kurudi nyumbani mikono mitupu. Haya, wewe uliyejaa ushauri kwa vijana, kalamu hii hapa: ungeandika jina la nani, na ungewaambia nini wale wawili?