Mfupa wa Mwalimu Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Niseme nisiseme?

Sema!

Kwa lugha gani?

Ya nyumbani!

Haya. Mkija kuvishwa mfupa msinililie mimi.

Hapo kale Fisi alipata kazi ya kufagia kwenye shule moja ya mbali. Akafagia, fya fya fya, mwaka mzima, sikio liko dirishani. Alichoambulia ni neno moja tu la Kiingereza: teki. Maana yake chukua. Mwaka mzima, neno moja! Lakini nimewaona waliorudi kijijini na pungufu ya hapo, wakaitwa wasomi.

Aliporudi bondeni kwao, chemchemi zote zilikuwa zimekauka ila moja. Fisi akaketi kwenye jiwe la chemchemi hiyo, puu!

"Mimi sasa ni Mwalimu," akasema. "Hapa lugha za nyumbani basi. Hapa ni teki."

"Teki ndiyo nini, Mwalimu?" Swala akauliza.

"Teki ni kila kitu. Kuchota maji, teki. Kumeza dawa, teki. Kuoga, teki. Kukaa kitini, teki. Kupiga picha, teki."

"Hata kulala?"

"Ukijinyoosha kidogo mchana, hiyo nayo teki."

Neno moja, kazi zote hizo! Wanyama wakapiga makofi. Makofi yale ndiyo yaliyowaponza.

Hapo Fisi akatoa mfupa uliofungwa kamba ya katani. Atakayesema lugha ya nyumbani atauvaa shingoni, mpaka amsikie mwingine akisema, amvishe yeye. Jua likizama, mwenye mfupa aende pangoni kwa Mwalimu, masomo ya ziada.

Swala akaenda masomo ya ziada. Hakurudi. Digidigi akaenda masomo ya ziada. Hakurudi. Kanga akaenda masomo ya ziada. Hakurudi. Ukimtazama Fisi kwa jicho la kuuliza, ananyoosha mkono kule mlimani: "Teki!" Eti wamefaulu, wamechukuliwa shule kubwa. Na yeye tumbo linazidi kuning'inia.

Mimi darasa la tatu nilivishwa kibao kwa kusema tumbo linaniuma kwa lugha ya nyumbani. Nakijua kile kikamba shingoni, na mpaka leo kinanitia hasira.

Siku moja akaja Bibi Nguchiro, mzee, kibuyu mkononi. Akasema "Teki" vizuri kabisa, akachota, akanywa. Maji yakamshuka baridi mpaka tumboni, akajisahau.

"Asante, mwanangu," akasema.

Fisi akacheka, kwa kwa kwa kwa! Mfupa ukaingia shingoni.

Bibi huyu alikuwa na binti mmoja tu, Nguchiro. Binti akaja mbio, akamkuta mama yake na mfupa, na wanyama wote wamefumba midomo. Akafungua mdomo ili aseme yeye, mfupa uhamie kwake. Mama akaona. Akaziba masikio kwa mikono miwili, asije akamsikia mwanawe akalazimika kumvisha.

Nguchiro akafikiri, akakimbilia kichakani penye siafu. Akafunga bunda la nyasi, kipande cha nyama katikati, akaliacha hapo mpaka siafu wakajaa ndani tele. Akalibeba kwa ncha ya mti mrefu, akaliweka juu ya jiwe la Mwalimu. Akapiga goti, akaonyesha kwa kidole.

"Teki!"

Fisi akaona mto mpya wa kukalia. Akajua wamemheshimu. Akakaa.

Siafu wakampanda. Kisha, nya!

"Te..."

Nya nya!

"Teki!"

Nya nya nya!

"Teki! Teki! Teki!"

Jasho linamtiririka, meno ameyakaza, hathubutu kuinuka akaonekana mjinga. Jua limekaribia mlima. Ndipo siafu mmoja mkubwa akapenya pale ambapo sitapataja mbele yenu.

"Mama wee! Mama yangu, nakufa!"

Kumbe na yeye alikuwa na mama, na mama hakumlea kwa teki. Bibi akauvua mfupa, akamvisha Fisi. Wanyama wakamburuta mpaka pangoni kwake. Ndani wakaona pembe za Swala na manyoya ya Kanga, wakalia kwa sauti, kila mmoja kwa lugha yake. Wakaviringisha jiwe mlangoni, gudu!

Lakini kabla jiwe halijaziba, Nguchiro aliurudia ule mfupa, akauvua shingoni mwa Fisi.

"Wa kumbukumbu," akasema.

Asubuhi wakamkuta amekaa juu ya jiwe la chemchemi. Hakuna aliyemwuliza. Wakapanga foleni wenyewe, na Tumbili akainamisha kichwa: "Shikamoo, Mwalimu." Nguchiro akalisikia hilo neno, likamkaa vizuri.

"Bila sheria mtachafua maji," akawaambia. Akaushika mfupa. "Teki!"

"Teki!" wakaitikia.

Siku ya tatu akaja mama yake na kibuyu. Akasema "Teki," akachota, akanywa, akamtazama binti yake pale juu, akafurahi, akajisahau.

"Asante, mwanangu."

Wanyama wote wakamgeukia Nguchiro. Angeweza kuziba masikio. Mikono alikuwa nayo miwili. Hakuziba.

Jua likazama. Wakasogeza jiwe la pangoni, kidogo tu. Ndani, Fisi alikuwa na njaa ya siku tatu. Bibi Nguchiro akasimama mlangoni, mfupa shingoni, akageuka. Akamnyooshea mwanawe kibuyu chenye maji yaliyobaki.

"Chukua," akasema. Akaingia.

Ngano yangu imekaukia hapo. Mwenye kiu akachimbe yake. Na funzo mnalitaka, najua. Haya: watoto, kazaneni na Kiingereza. Na mama zenu wafundisheni kunyamaza.